Kutazama ndege jangwani kaskazini mwa Kenya: uzi wa wanaotaka kwenda na wanaotaka kuifanya kazi hii

Mlembe wa Ewaso (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam kwenu.

Nyuzi za utalii humu ni Mara, Serengeti, Diani na Zanzibar. Mimi nawaletea upande mwingine. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaofunga safari kwa ajili ya ndege tu, na uwanja wangu ni nchi kavu inayoanzia Isiolo kwenda juu: Buffalo Springs, Samburu, Shaba, kisha Marsabit, Dida Galgalu, Chalbi, hadi Ziwa Turkana. Maswali ya faraghani yamekuwa mengi, kwa hiyo nayajibu hapa mbele ya wote. Uzi ni mrefu.

Jambo kubwa kuliko yote nitakayosema ni hili: ndege wa jangwani hakimbiliwi. Kwenye hifadhi za wanyama wakubwa dereva mmoja akimwona chui, redio inalia na magari yanafika. Huku hakuna hilo. Ndege wa nchi ya joto ana saa zake, na saa hizo zinapangwa na jua na maji. Ukizijua, unakaa mahali pamoja na ndege wanakuja kwako. Usipozijua, utaendesha gari kutwa nzima na jioni utakuwa umeona vumbi na kunguru.

Ndiyo maana nasikitika nikiona ratiba zinazohamisha wageni kambi kila asubuhi. Leo Samburu, kesho Marsabit, keshokutwa Kalacha, mtondo Loiyangalani. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ile asubuhi ambayo mgeni ameilipia anaimaliza barabarani, amefunga kioo kwa sababu ya vumbi. Nikipewa nafasi ya kupanga mwenyewe, napunguza vituo na kuongeza usiku wa kulala kila kituo.

Siku inakwenda hivi. Tunaamka bado giza, tunapata chai na mkate, saa kumi na mbili tuko nje. Kuanzia hapo hadi saa tatu na nusu ndipo ndege wengi wanaimba, wanakula na kutembea peupe. Ikifika saa nne ardhi imeshashika moto, mazigazi yanaanza kucheza, na hata darubini ya bei kali inakuonyesha kivuli kinachotetemeka. Tunarudi kambini. Mchana ni wa kulala, kuandika orodha na kunywa maji. Wapo wageni wanaoona kama wanapunjwa, kwamba wamelipia siku nzima. Hao nawapeleka polepole hadi kwenye mgunga wenye kivuli wajionee: ndege wamejaa humo, midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili ili joto litoke. Nao wamepumzika. Saa kumi alasiri tunatoka tena mpaka giza.

Sasa nije kwa ndege ninayempenda kuliko wote, firigogo. Ana umbo la njiwa mnene mwenye miguu mifupi na rangi ya udongo. Akilala chini humtofautishi na mawe. Chakula chake ni mbegu kavu, na mbegu kavu hazina maji, kwa hiyo lazima anywe. Anaweza kulisha mbali sana na kisima, ila atakuja. Yule mwenye uso mweusi na yule wa tumbo la hudhurungi huja asubuhi, jua likishapanda kidogo. Unawasikia kabla ya kuwaona. Makundi yanazunguka juu mara kadhaa, yanatua mbali na maji, yanatembea hadi ukingoni, yanakunywa kwa sekunde chache na kuruka. Kozi, ndege mwindaji, naye anaijua ratiba hiyo, ndiyo sababu ya haraka yote. Kuna mwingine mwenye mistari myembamba mwili mzima, firigogo wa Lichtenstein. Huyo haji asubuhi. Anakuja jua likishazama, wakati macho yanaanza kukudanganya. Kundi lililowahi kurudi kambini kuoga limemkosa.

Na dume ndiye anayewapelekea makinda maji. Anaingia kisimani hadi tumboni, anajitikisa, manyoya ya tumbo yanafyonza maji, kisha anaruka nayo hadi waliko wadogo, nao wanayanyonya yale manyoya. Mwingereza Meade-Waldo alilieleza hili mwaka 1896 kutokana na firigogo aliowafuga, na wataalamu wengi hawakumsadiki. Lilikuja kukubalika baada ya utafiti wa Cade na Maclean huko Kalahari, uliotoka mwaka 1967. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani waliyaweka manyoya ya firigogo chini ya hadubini wakaonyesha jinsi vijinyuzi vyake vinavyojikunjua vikilowa na kuyashika maji yasimwagike hewani. Nikiwaeleza wageni haya huku dume amejilowesha mbele yao, hakuna anayeuliza tena kwa nini tumekaa sehemu moja asubuhi nzima.

Mahali pazuri kwa firigogo ni Kalacha, pembeni ya Chalbi. Chalbi ni ziwa la kale lililokauka, limebaki uwanda wa chumvi na udongo mweupe, na Kalacha kuna chemchemi yenye mikoma. Maji hayo ndiyo yanayoita kila kitu, wakiwemo ngamia wa Wagabra.

Ukitoka Marsabit kuelekea Moyale unaingia Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano. Siku hizi ni lami kutoka Isiolo hadi Moyale, ila usidanganyike: ukiiacha lami tu umerudi kwenye mawe. Hapo anaishi kipozamataza wa Williams, ndege ambaye dunia nzima yuko Kenya tu, Dida Galgalu na kwenye nyanda za mashariki ya Isiolo, Shaba kuelekea Garba Tula. Jina ni la John Williams, aliyekuwa msimamizi wa ndege katika makumbusho ya Nairobi zama zile yakiitwa Coryndon. Kwa macho ya haraka ni ndege mdogo wa kahawia, na wapo wageni wanaonitazama kwa mshangao nikiwaambia huyo ndiye waliyemfuata kutoka ng'ambo. Mvua ikishanyesha, dume anaimba, na hapo ndipo anapopatikana bila kusumbuana.

Kwa anayeanza, asikimbilie huko. Aanzie Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Kuna kanga mwenye kichwa kitupu kama cha tumbusi na kifua cha buluu inayowaka. Kuna kwezi wa kifua cha dhahabu, ambaye nimeona watu wazima wakinyamaza kabisa mara ya kwanza wanapomwona juani. Kuna mbuni wa Kisomali mwenye shingo na mapaja ya kijivu-buluu, ambaye tangu 2014 Shirika la BirdLife linamhesabu kuwa spishi peke yake. Kuna kozi mdogo kuliko ndege wawindaji wote wa Afrika, asiyejenga kiota: analala na kutaga kwenye viota vya ndege wafumaji wakubwa wenye kichwa cheupe. Ukiona viota hivyo vya miiba mtini, simamisha gari, angalia kila tundu.

La mwisho kwa sasa: mimi sipigi ovyo sauti za ndege zilizorekodiwa ili kuwavuta watoke. Najua hapo wenzangu wa kazi watanijia. Karibuni.

Baba Neema

Mkuu, hongera kwa kuandika. Nimesoma mpaka mwisho. Ila niulize bila kuficha: hii si starehe ya wazungu? Mwafrika gani atoe hela yake akaangalie ndege? Sisi ndege tumewazoea tangu utoto, wengine tuliwapiga kwa manati.

Mlembe wa Ewaso

Baba Neema, swali zuri na ndilo linalonigusa zaidi.

Mwaka 1989 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, uliofanywa kwa Waborana wa kaskazini. Walichunguza mlembe, yule ndege anayemwongoza mrina asali hadi kwenye mzinga wa porini. Wakapima. Mrina akitafuta peke yake katika eneo asilolijua, alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Akiongozwa na mlembe, saa 3.2. Na Waborana walikuwa wanaeleza mambo ambayo watafiti waliyathibitisha kwa vipimo: kwamba ndege anaonyesha upande, anaonyesha umbali, na anajulisha mmefika, kwa namna anavyoruka, anavyotua na anavyobadilisha sauti. Wao humwita kwa mluzi, wakipuliza viganja walivyovikunja, au konokono tupu, au kokwa la mkoma lililotobolewa.

Sasa niambie, nani ametazama ndege kwa makini kuliko mrina huyo? Kutazama ndege tulikuwa nako kabla darubini haijaja. Tulichokikosa ni kulipwa kwa ujuzi huo.

Na kuhusu nani atatoa hela: nenda Makumbusho ya Taifa pale Nairobi Jumatano asubuhi. Nature Kenya, ambayo mizizi yake ni chama cha mwaka 1909, hufanya matembezi ya ndege kila wiki. Utakuta vijana wa chuo, wastaafu, akina mama, Wakenya kabisa. Wengine wao ndio waongozaji bora tulionao leo, walianza kwa matembezi hayo.

Dereva wa Zamani

Salaam wote. Mimi nimeshika usukani miaka mingi kwenye njia hizo hizo, sasa nimepumzika. Kaka Mlembe nakuheshimu, umeandika vizuri, lakini hilo la sauti hatuelewani.

Mgeni ametoka Uholanzi. Amekusanya pesa miaka. Ana orodha yake, na kwenye orodha kuna ndege mmoja ambaye ameshamkosa safari iliyopita. Mmefika mahali pake, upepo unavuma, ndege hatoki kichakani. Nikibonyeza simu kwa nusu dakika anatoka, mgeni anamwona, tunaondoka. Nisipobonyeza tutazunguka humo kwa miguu saa nzima tukikanyaga kila kitu. Kipi kinamsumbua ndege zaidi? Na mgeni akiondoka hajaona, mwaka ujao hachukui gari lako.

Mlembe wa Ewaso

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ina uzito, na hiyo ya kukanyaga vichaka nakubaliana nayo kabisa.

Tatizo langu liko hapa. Dume akisikia sauti ya dume mwenzake ndani ya mipaka yake anaamini kaingiliwa. Anaacha kivuli, anaacha kula, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Kwenye msitu wa mvua atapoteza muda. Kwenye jangwa, saa tatu asubuhi, anapoteza maji, na hana mahali pa kuyapata. Halafu fikiria magari. Kipozamataza wa Williams anajulikana sehemu chache, na waongozaji wote tunasimama pale pale kando ya barabara ile ile. Wewe unapiga nusu dakika, mimi napiga, wa kesho anapiga. Kwetu kila mmoja kapiga mara moja. Kwa ndege ni kila siku, na ni jozi ile ile.

Ninachofanya: msimu wa kutaga sipigi kabisa. Nje ya msimu huo napiga kwa ufupi, sauti ya chini, asubuhi mapema, na asipojibu tunaondoka. Mgeni namwambia haya kabla hajalipa. Wengi wanaelewa, na anayekataa basi tusisafiri pamoja.

Dereva wa Zamani

Marahaba. Hilo la kumwambia kabla hajalipa nimelipenda. La jozi ile ile pia nakupa, sikuwahi kulipigia hesabu kwa upande wa ndege. Lakini la kuondoka bila kujaribu tena, hapo bado nasimama kwangu. Gari lina watu sita, na kila mmoja ana orodha yake.

Mlembe wa Ewaso

Watu sita ndani ya gari moja la ndege ni wengi, mzee. Wanne, kila mtu na dirisha lake, na wakae kwa zamu mbele. Ndege mdogo akitua upande wa kulia, wale wa kushoto wanasimama, gari linatikisika, ndege karuka, na darubini sita hazikupata kitu. Tuliachie hapo la sauti, wasomaji waamue.

Kijana wa Kalacha

Mimi ni Mgabra, nyumbani ndiko huko mnakokuzungumzia. Nimefurahi kuona mtu ametaja chemchemi yetu kwa heshima. Naomba niseme ya upande wetu.

Magari yanakuja asubuhi. Yanaegeshwa karibu na maji ili wageni wapige picha firigogo. Wakati huo huo ngamia wanafika kunywa, wametembea kutoka malishoni mbali, wana zamu yao iliyopangwa na wazee. Ngamia akiona gari jeupe lenye watu juu ya paa anasita. Mchungaji anahangaika. Wageni nao wanakasirika kwamba ngamia wamewafukuzia ndege. Mwishowe wanaondoka bila kumwamkia hata mzee mmoja. Chakula wamebeba kutoka Nairobi, maji wamebeba kutoka Nairobi, na mwongozaji naye wa Nairobi.

Mimi najua firigogo wanatua upande gani upepo ukibadilika. Najua bundi analala mkoma gani. Sijawahi kulipwa kwa hilo hata shilingi, huwa naulizwa tu njiani kupitia dirishani. Ndugu Mlembe, mtu kama mimi anaingiaje kwenye kazi hii kihalali?

Mlembe wa Ewaso

Ndugu yangu, asante kwa kuandika. Ningetamani kila mwenye kampuni ya safari asome maneno yako kabla ya yangu.

Kwanza la kisimani. Maji ya jangwani yana wenyewe. Mimi nikifika naenda kwa wazee kabla ya kwenda kwa ndege, naomba, naambiwa zamu ya mifugo ni saa ngapi, na gari naliweka mbali, upande ambao ngamia hawapiti. Tunakaa chini au ndani ya gari, hatusimami ukingoni. Na hili lina faida hata kwa mpiga picha: firigogo amezoea ngamia na wachungaji wao, hakuzoea mgeni aliyesimama na mguu wa kamera. Ngamia wakiwa wanakunywa kwa utulivu, ndege wanatua kati yao.

La kazi. Kenya kuna chama cha waongozaji, KPSGA, chenye mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha, dhahabu. Anza na shaba. Mtihani ni kwa Kiingereza na una mambo mengi zaidi ya ndege, wanyama, miti, sheria, historia, kwa hiyo jipange kusoma. Darubini ndiyo kikwazo kikubwa kwa vijana wengi kwa sababu ya bei. Tafuta ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, hata iliyotumika, usinunue zile za 10x zinazotikisika mkononi upepo ukivuma. Programu ya Merlin, ya kutambua ndege, inapatikana bure kwenye simu na inafanya kazi bila mtandao ukishapakua data. Andika kila unachokiona, tarehe na mahali, na upeleke kwenye Kenya Bird Map, mradi unaokusanya kumbukumbu za ndege wa Kenya. Huko kaskazini watazamaji ni wachache, kwa hiyo orodha ya mtu anayeishi Kalacha mwaka mzima ina thamani kuliko yangu mimi ninayepita. Wanasayansi watakujua kwa kazi hiyo kabla kampuni hazijakujua.

Na usingoje cheti ili ulipwe. Mwenyeji anayeonyesha bundi analala wapi ni mwongozaji wa eneo, apatane bei na gari kabla ya kupanda. Mimi ndivyo ninavyofanya kila kituo: mwenyeji mmoja anapanda nasi, malipo yake yameandikwa kwenye hesabu ya safari, si bahasha ya huruma mwishoni. Nakuandikia faraghani leo.

Bint Maskati

Asalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman. Wazee wangu walirudi huku kutoka Unguja na Kiswahili ndicho cha nyumbani, kwa hiyo uzi huu umenifurahisha mno.

Haya mnayoyasema ya maji ni yale yale huku. Njiani kuelekea Salalah kuna Qatbit, na karibu yake Muntasar, vijisehemu vya kijani na maji pembezoni mwa jangwa la Rub' al-Khali. Ndege wanaohama wakiwa wamechoka na jangwa huanguka hapo, na Muntasar inajulikana kwa firigogo, wa madoa na wa taji. Watazamaji kutoka Ulaya wanakuja kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, kwa sababu kiangazi hakuna anayeweza kusimama nje.

Ila kuna ndege anayefanya kinyume. Kozi mmoja wa kijivu anataga kwenye visiwa vya Daymaniyat katikati ya joto, Julai na Agosti, kwa sababu wakati makinda yakikua ndipo ndege wadogo wanaanza kuhama na chakula kinakuwa tele. Halafu anaondoka kwenda Madagaska, akipitia kwenu Afrika Mashariki. Kwa hiyo Mlembe, ukimwona Novemba msalimie.

Na kuhusu ubishi wenu wa sauti: mwaka 2013 mtaalamu wa kurekodi sauti, Magnus Robb, alikuwa usiku kwenye milima ya Hajar akasikia sauti ya bundi ambayo hakuna aliyeijua. Alikuwa anasikiliza. Huyo ndiye bundi wa Oman tunayejivunia leo.

Mlembe wa Ewaso

Waalaykum salaam dada. Asante sana kwa hilo la Robb. Na huyo kozi tunamfahamu, hupita na mvua za Novemba pamoja na wenzake wanaofuata kumbikumbi. Sitamtazama tena kwa jicho la zamani.

Mkazi wa Arusha

Sisi wa Tanzania tusionekane hatuna. Mkomazi, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, ina ndege wengi wa nchi kavu wanaopatikana huko Samburu: yule kanga wa kifua cha buluu yupo, na kwezi wa dhahabu yupo. Na barabara ya kwenda Namanga, uwanda wa Engikaret, yupo kipozamataza wa Beesley, ambaye hapatikani kwingine zaidi ya nyanda hizo za kaskazini mwa Arusha. Vijana wa Kimaasai pale ndio wanaoongoza wageni kwa miguu hadi alipo, na wageni wanalipa papo hapo. Mfano huo ndugu wa Kalacha autazame.

Mlembe wa Ewaso

Umenena. Engikaret ni darasa. Wale vijana wanajua jozi gani imetaga na wanawazuia wageni wasisogee. Mwongozaji kutoka mjini hawezi kujua hilo.

Mama Zawadi

Habari zenu. Nimevutiwa, nataka kwenda na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Naomba majibu ya kawaida: usalama ukoje, twende mwezi gani, tubebe nini, na nitajuaje kampuni nzuri?

Mlembe wa Ewaso

Dada, karibu sana, na binti miaka hiyo ndiyo yenyewe. Macho ya watoto yanawahi kuliko yetu.

Usalama: kaskazini ni kubwa, na hali ya Samburu si hali ya mpakani. Kuna maeneo yenye wizi wa mifugo unaozuka na kutulia. Kwa hiyo usikubali jibu la jumla. Mwongozaji wako awe na tabia ya kupiga simu kwa wenyeji na polisi wa kituo cha mbele siku moja kabla, na awe tayari kubadili njia. Usiku gari halitembei, hakuna mjadala. Kwa safari yenu ya kwanza nashauri Samburu, Buffalo Springs na Shaba tu. Ziko jirani, ndege ni wengi, na mto Ewaso Ng'iro unawapa kivuli.

Mwezi: inategemea unataka nini. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni kukavu, ndege wamejikusanya kwenye maji, na wahamiaji kutoka Ulaya na Asia bado wapo, kwa hiyo kwa mtoto ni wakati mzuri. Anayetaka kuwasikia akina kipozamataza wakiimba aje mvua ikishashika, lakini asiiguse Chalbi wakati huo. Ule udongo ukilowa gari linazama.

Vya kubeba: kofia pana, nguo za mikono mirefu zisizo nyeupe, leso ya kujifunga usoni kwa ajili ya vumbi. Maji ya kunywa mhesabu lita nne hadi tano kwa kila mtu kwa siku. Mkifika upande wa Loiyangalani siku nyingine, jueni upepo wa huko si wa mchezo. Ndiyo sababu wameweka mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu yake, na darubini kubwa ya miguu mitatu huko haitulii mpaka uiweke chini kabisa na ukae kitako.

Kampuni: waulize maswali haya matatu kabla ya bei. Watu wangapi kwenye gari? Tunalala usiku mingapi kila kituo? Mwenyeji wa kila kituo ni nani na analipwa shilingi ngapi? Anayejibu la tatu bila kusita, msikilize na bei yake. Viingilio vya hifadhi hubadilika, hivyo mtake ayaandike kando na gharama za gari ili ujue kipi ni kipi.

Mama Zawadi

Asante kaka. Februari basi. Binti ameshaanza kuandika orodha ya ndege wa uani, kafikia njiwa, shore, kunguru na chozi.

Mlembe wa Ewaso

Amwongeze na wakati: saa ngapi kila mmoja anakuja na anakula nini. Hiyo ndiyo orodha nitakayomwomba anionyeshe mkifika Isiolo.

Wa Novemba mnaotaka Dida Galgalu, niandikieni mapema. Kalacha sehemu za kulala ni chache, na kijana wetu wa Kalacha amenijibu: atakuwa nasi, na gari tutaliegesha atakaposema yeye.